Bloku ya maandishi kwenye kurasa za kozi za Moodle: tathmini baada ya mihula minne

Kwa mihula minne sasa ninafundisha ukokotoaji wa dozi kwa wanafunzi wa stashahada ya uuguzi, darasani na kwenye mfumo wa Moodle, na kipengele cha mfumo huo ambacho nimeshinda nacho kuliko vyote ni bloku ya maandishi, yaani kile kisanduku ambacho mwalimu anakiongeza mwenyewe pembeni mwa ukurasa wa kozi na kukijaza anachotaka. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya walimu wenzangu ambao vyuo vyao vimewafungulia kozi tupu mtandaoni na kuwaambia wazijaze. Mimi nilianza hivyo hivyo, na makosa niliyoyafanya katika muhula wa kwanza yaliwagharimu wanafunzi wangu muda na bando.

Kwa wasioifahamu, Moodle ni programu huria ya kuendeshea kozi mtandaoni, inayotolewa kwa GPL, leseni inayomruhusu yeyote kuitumia na kuibadilisha, kwa hiyo chuo hakilipii programu yenyewe. Kinacholipiwa ni seva, jina la tovuti na mtu wa kuitunza. Toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2002, na mwanzilishi wake ni Martin Dougiamas wa Perth, Australia, ambaye alikulia katika makazi ya jangwani na kusoma shule ya msingi kwa redio ya masafa mafupi. Historia hiyo ninaikumbuka kila ninapomfikiria mwanafunzi wangu aliye likizo kijijini, akisubiri mtandao utulie ili afungue kazi ya wiki. Hapa kwetu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania vimekuwa vikiutumia mfumo huu, na vyuo vya kati vingi vimefuata nyayo, kwa hiyo mwalimu anayesoma hapa huenda tayari anayo kozi yenye nafasi ya bloku bila kujua.

Kuongeza bloku hakuhitaji fundi. Mwalimu mwenye ruhusa ya kuhariri anafungua kozi yake, anawasha swichi ya kuhariri iliyo juu kulia mwa ukurasa, anafungua droo ya upande wa kulia, yaani paneli inayofunguka na kufungwa pembeni mwa ukurasa, anabofya sehemu ya kuongeza bloku, na katika orodha inayojitokeza, yenye kalenda, shughuli zinazokaribia, watu walio mtandaoni na mengineyo, anachagua ile ya maandishi. Katika matoleo ya zamani bloku hii iliitwa HTML, yaani lugha ya msimbo wa kurasa za wavuti, jina ambalo nadhani liliwatisha walimu wengi wakaiacha kwa wanaojua kuandika msimbo, ilhali ndani yake mna kihariri cha kawaida kabisa chenye herufi nene, orodha, jedwali, picha na viungo. Unaandika kichwa, unaandika maudhui, unahifadhi, basi. Kichwa chenyewe si lazima; ukikiacha wazi, kisanduku kinatokea bila kichwa, na kwa bloku yenye picha moja au mstari mmoja wa tangazo hilo linapendeza zaidi.

Uwezo halisi wa bloku hii uko chini ya fomu, mahali ambapo mwenye haraka hashuki. Huko ndiko unakoamua ionekane wapi. Unaweza kuifunga kwenye ukurasa mkuu wa kozi peke yake, au ukaruhusu ionekane kwenye kila ukurasa ulio ndani ya kozi hiyo: jukwaa la majadiliano, kazi ya kukusanya, jaribio, faili, vyote. Tofauti ya chaguo hizi mbili ni kubwa kuliko inavyosikika. Bloku ya ukurasa mkuu mwanafunzi anaiona anapoingia, kisha anaiacha nyuma. Bloku ya kila ukurasa inaandamana naye, na kwa somo kama langu, ambalo mwanafunzi anahitaji kanuni ileile anaposoma mfano, anapofanya zoezi na anapouliza swali jukwaani, kuandamana huko ndiko kulikonifanya nisiiache.

Mwenzangu mmoja aliponiona nimeweka kanuni ya dozi kwenye kila ukurasa aliniuliza, kwa haki kabisa, kama sikuwa nimewapa wanafunzi majibu mkononi wakati wa mtihani. Jibu ni kwamba jaribio la Moodle lina mpangilio wake unaoamua kama bloku zionekane wakati mwanafunzi anajibu, na mpangilio huo kwa kawaida umezimwa, hivyo droo ya bloku haipo kabisa mtu akiwa katikati ya maswali. Kwa zoezi la kujipima ninauwasha makusudi, kwa sababu hapo nataka mwanafunzi aitazame kanuni mpaka imkae kichwani. Kwa jaribio la alama ninauacha ulivyo. Vilevile unaweza kwenda kwenye ukurasa mmoja mahususi na kuificha bloku hapo tu, bila kuigusa kwingine. Nimeona mifumo ya kulipia isiyompa mwalimu udhibiti wa kiwango hiki.

Mpangilio mwingine unaostahili kuzingatiwa ni ule unaoitwa uzito, unaoanzia -10 hadi 10. Bloku yenye namba ndogo inakaa juu, yenye namba kubwa inakaa chini. Kila bloku mpya inayoongezwa na mtu mwingine inaweza kuisukuma ya kwako, na kozi inayofundishwa na walimu wawili hujaa bloku haraka, kwa hiyo zoeeni kukubaliana mapema ni ipi inabaki juu. Kuna pia uwezo wa kuzuia kundi fulani la watumiaji lisiione bloku. Mimi ninayo moja inayoonekana kwa walimu peke yao, ambamo tunaandikiana nani anasahihisha kundi lipi, haijawahi kutuangusha.

Sasa nieleze kilichoniangusha. Bloku yangu ya kwanza ilikuwa na salamu ya ukaribisho, maelezo ya malengo ya moduli, sheria za mahudhurio, kanuni ya dozi, na mwisho picha ya rafu ya dawa niliyoipiga kwa simu. Niliitazama kwenye kompyuta ya ofisini, ikapendeza, nikaamini kazi imekwisha. Wiki ya tatu, baada ya zoezi ambalo wengi walikosa swali la matone ya dripu, mwanafunzi mmoja alibaki darasani na kuniambia, “Samahani mwalimu, hicho kisanduku cha kanuni unachokisema mimi sijawahi kukiona.” Nilimwomba simu yake. Ukurasa wa kozi ulikuwa umefunguka vizuri, mada zote zimepangwa kutoka juu hadi chini, na upande wa kulia, karibu na ukingo wa kioo, palikuwa na alama ndogo ya mshale isiyo na neno lolote. Niliigusa, droo ikafunguka ikafunika kioo chote, na kanuni ikawa humo, chini ya salamu yangu ndefu. Akasema kwa upole tu, “Kumbe ilikuwepo siku zote.” Nilipouliza darasani siku iliyofuata ni nani aliyewahi kuugusa mshale ule, mikono iliyonyooshwa ilikuwa ya wale wachache waliokuwa wakitumia kompyuta za maktaba.

Hiyo ndiyo tabia ya Moodle tangu toleo la 4.0 lililotoka mwaka 2022. Katika mandhari yake ya kawaida, yaani mpangilio wa mwonekano wa kurasa, iitwayo Boost, bloku zote zimehamishiwa kwenye droo ya kulia, na upande wa kushoto umepewa faharasa ya kozi. Kwenye kioo kipana droo hiyo hukaa wazi ukiifungua, na mwanafunzi anaona mada katikati na bloku pembeni kwa wakati mmoja. Kwenye simu imefungwa. Katika matoleo ya 3 mambo yalikuwa tofauti: bloku zilikaa kwenye safu ya pembeni, na kwenye simu zilishuka chini ya maudhui yote, hivyo mwanafunzi aliyeteremka hadi mwisho wa ukurasa alikutana nazo apende asipende. Ninaelewa sababu ya mabadiliko, kwa kuwa ukurasa wa sasa ni msafi na mada ndizo zinazoonekana kwanza, lakini kwa nchi ambayo mwanafunzi anasoma kwa simu janja kabla hajamiliki kompyuta mpakato, mabadiliko hayo yameigeuza bloku kuwa kitu cha kutafutwa. Mandhari ya pili inayokuja na mfumo, Classic, bado imebakiza safu za pembeni. Chuo kinachotegemea sana bloku kinaweza kuifikiria, ingawa mwonekano wake ni wa kizamani.

Niongeze kwamba hali hii iliwakuta wenzangu wa chuo jirani ghafla zaidi. Kampuni iliyowapangishia seva ilipandisha toleo katikati ya muhula bila kuwaarifu walimu, na asubuhi yake matangazo yote waliyokuwa wameyaweka kwenye bloku yakawa yametoweka machoni pa wanafunzi. Hayakuwa yamefutwa, yalikuwa ndani ya droo. Lakini mwanafunzi aliyekosa tarehe ya kukusanya kazi hana namna ya kujua hilo. Anayesimamia mfumo wa chuo na aandike kwenye mkataba wake kwamba toleo linapandishwa wakati wa likizo.

Suluhisho nililolipata halikuwa kuiacha bloku bali kuigawia kazi inayoifaa. Moodle ina kitu kingine cha kuongeza maudhui ya mwalimu moja kwa moja katikati ya ukurasa, miongoni mwa mada zenyewe. Zamani kiliitwa lebo, na tangu toleo la 4.0 kinaitwa eneo la maandishi na picha. Kinaongezwa kama unavyoongeza shughuli au faili, lakini hakifunguki kwenye ukurasa wake. Kinasomeka palepale kilipo. Kwenye simu hakijifichi. Hivyo kila jambo ambalo ni lazima lisomwe nimelihamishia huko: kanuni ya dozi inakaa juu kabisa ya mada ya kwanza, na kila mada inaanza na mistari miwili inayosema nini kifanyike wiki hiyo na kwa utaratibu upi. Bloku imebaki na yale ambayo mwanafunzi anayarudia mara kwa mara akiwa tayari anajua yalipo, na ninawaonyesha mshale ule siku ya kwanza ya muhula, kila mmoja akiwa ameshika simu yake mwenyewe, mpaka nione droo imefunguka kwenye kila kioo.

Maudhui yenyewe nayo yalihitaji kukatwa. Salamu niliifuta, malengo ya moduli nikayapeleka kwenye faili la mtaala. Bloku yangu ya sasa ina mambo haya tu:

Dozi: kilichoagizwa ÷ kilichopo × ujazo.
Mfano: ampisilini 250 mg, kichupa kina 500 mg katika 5 ml. 250 ÷ 500 × 5 = 2.5 ml.
Dripu: ujazo kwa ml × matone kwa ml ÷ dakika.
Mfano: 1000 ml kwa saa 8, seti ya matone 20 kwa ml. 1000 × 20 ÷ 480 = 41.7, yaani matone 42 kwa dakika.

Chini yake kuna kiungo kimoja cha jukwaa la maswali. Kioo cha simu ya inchi sita kinabeba yote hayo bila kuteremsha. Nimejaribu kuongeza mstari wa tano mara kadhaa, na kila mara nimeuondoa baada ya kuutazama kwenye simu badala ya kompyuta, na ningemshauri kila mwalimu anayetengeneza bloku aikague kwenye simu ya bei nafuu kabla hajaihesabu kuwa imekamilika.

Picha zinahitaji aya yake, kwa sababu hapo ndipo walimu wengi tunapowaumiza wanafunzi bila kukusudia. Picha iliyopigwa kwa simu ya leo huweza kufika MB 3 au 4. Ukiiburuta ndani ya kihariri na kuipunguza iwe ndogo kama stempu, unakuwa umepunguza nafasi inayochukua kwenye kioo, si uzito wa faili. Mwanafunzi bado anapakua MB 4 zote. Kivinjari huikumbuka picha hiyo baada ya kuipakua mara moja, kwa hiyo haimli bando kila ukurasa, lakini kwa darasa la wanafunzi 60 hiyo mara moja peke yake ni MB 240 zilizotoka mifukoni mwao kwa ajili ya picha ya rafu ambayo haikumfundisha mtu chochote. Picha yangu niliipunguza kwenye kompyuta kwanza hadi upana wa piseli 800, ikashuka hadi KB 90, na baadaye nikaiondoa kabisa. Pale picha inapohitajika kweli, kama mchoro wa mistari ya sindano ya 5 ml ambao nimeuweka kwenye eneo la maandishi, kihariri kinakuomba maelezo ya maneno kwa ajili ya asiyeona. Yaandikwe kwa ukamilifu, maana yanamfaa pia yule ambaye mtandao wake umekataa kuipakia picha.

Kuhusu kunakili maandishi kutoka Word, tahadhari. Maandishi hayo hubeba nayo mitindo ya fonti, rangi na nafasi isiyoonekana kwa macho, na matokeo yake ni bloku ambayo aya moja ina herufi kubwa na nyingine ndogo bila sababu. Kubandika kama maandishi matupu, kwa kubonyeza Ctrl, Shift na V kwa pamoja, kunaondoa tatizo lote. Kisha upange vichwa na orodha upya ndani ya kihariri chenyewe. Ni kazi ya dakika mbili.

Wanaojua msimbo kidogo wana nafasi ya kufanya zaidi. Mandhari ya Boost imejengwa juu ya Bootstrap, mkusanyiko wa mitindo ya kurasa iliyoandikwa tayari, kwa hiyo ukifungua upande wa msimbo wa kihariri na kuizungushia aya yako div (alama ya HTML inayozingira kipande cha ukurasa) yenye darasa, yaani jina la mtindo, la “alert alert-warning”, unapata kisanduku cha rangi ya manjano kinachofanana na maonyo mengine ya mfumo, bila kuandika rangi hata moja mwenyewe. Ninakitumia kwa dawa zinazohitaji uangalizi wa pekee, na kwa hizo tu, kwa sababu kozi yenye maonyo ya manjano kila mahali haina onyo lolote. Anayeandika msimbo wa ndani zaidi ajue kwamba Moodle 5.0 ya mwaka 2025 imehamia Bootstrap 5, na baadhi ya majina yamebadilika. Kwa mfano nafasi ya kushoto iliyoandikwa “ml-2” sasa ni “ms-2”. Mimi mwenyewe niliwahi kubandika kwa kihariri cha maandishi matupu kipande cha msimbo nilichokitoa mtandaoni, kikiwa na div iliyofungwa mara mbili, na mpangilio wa ukurasa mzima ukavurugika mpaka nilipokiondoa. Tangu siku hiyo kila msimbo ninaujaribu kwanza kwenye kozi ya majaribio isiyo na wanafunzi, na chuo chochote kinaweza kumfungulia mwalimu kozi ya namna hiyo.

Upungufu mmoja ninaouona mkubwa ni kwamba mwalimu wa kawaida hana njia ya kuandika bloku moja na kuitumia katika kozi zake zote. Ninafundisha kozi tatu, na namba ya chumba cha ushauri ilipobadilika nililazimika kuihariri mara tatu. Wanaotumia WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, kwa kozi zao wanalo hili. Tangu kihariri cha bloku kilipoingia katika toleo la 5.0, Desemba 2018, mtu anaweza kuhifadhi kipande cha maudhui na kukiweka kwenye kurasa nyingi, kisha akakihariri mahali pamoja na kwingine kote kikabadilika. Kwa kutengeneza ukurasa unaopendeza, kihariri hicho kinaishinda Moodle waziwazi, kwa kuwa safu, vitufe, nukuu na video zote ni bloku za kuburuta katikati ya ukurasa. Lakini WordPress peke yake haijui mwanafunzi ni nani wala amepata alama ngapi. Unahitaji programu-jalizi ya kozi juu yake, na zilizokamilika mara nyingi huja na ada ya kila mwaka. Google Classroom, ambayo walimu wa sekondari wengi wameizoea, haina bloku za aina hii hata kidogo. Unaweka matangazo na kazi, na mpangilio wa ukurasa ni wa Google.

Ndani ya Moodle yenyewe kuna njia ya kuzunguka upungufu huo, ila inamhitaji msimamizi. Bloku ikiwekwa kwenye ngazi ya kundi la kozi, tuseme kundi la idara nzima, msimamizi anaweza kuchagua ionekane kwenye kundi hilo na kwenye kurasa zote zilizo ndani yake, na hapo kozi zote za idara zinaipata kwa mkupuo. Tuliomba hivyo kwa ajili ya ratiba ya mafunzo ya wodini, ikafanyika siku ileile, na sasa ratiba ikibadilika inahaririwa mara moja tu. Kwa kozi inayorudiwa mwaka hadi mwaka, nakala ya akiba ya kozi ina alama ya kuchagua bloku zijumuishwe; hakikisha imewekwa tiki kabla ya kuhamisha, vinginevyo kozi mpya itakuja na mada zake zote na droo tupu.

Kwa wanaotumia programu ya simu ya Moodle badala ya kivinjari, hali ni ileile na pengine nzito zaidi: bloku ziko nyuma ya kitufe cha pembeni, na si kila aina ya bloku inatambuliwa. Eneo la maandishi na picha linaonekana bila tatizo. Lugha ya Kiswahili ipo kati ya lugha za mfumo, lakini tafsiri yake haijakamilika, na mwanafunzi anayeichagua atakutana na menyu zilizochanganyika. Hili halizuii bloku yako kuwa ya Kiswahili sanifu, kwa sababu maudhui ni ya kwako.

Kwa ujumla wa matumizi yangu, bloku ya maandishi ninaipa nyota nne kati ya tano kwa mwanafunzi wa kompyuta na mbili kwa mwanafunzi wa simu. Inafaa kwa mwalimu mwenye jambo fupi linalorudiwa na mwenye uvumilivu wa kuwaonyesha wanafunzi lilipo. Haifai kwa tangazo la dharura, wala kwa maelezo ambayo mtu akiyakosa atafeli. Kama kuna jambo moja la kuwaomba watengenezaji, ni ruhusa ya mwalimu kuiweka bloku moja juu ya mada, katikati ya ukurasa wa kozi, ionekane kwenye simu bila droo. Hadi hilo lifanyike, kanuni ya dozi ninaiandika mahali pawili, na kila mwanzo wa muhula ninapita dawati kwa dawati nikiangalia vioo.